Nyimbo Tatu Ndani ya Mmoja: Maswali Yenu Kuhusu "An American Trilogy"

Swali: Wimbo huu wa Elvis Presley ulitungwa na nani?

Elvis hakuutunga, wala hakuwa wa kwanza kuurekodi. Mwanamuziki Mickey Newbury, mzaliwa wa Houston, Texas, ndiye aliyeziunganisha nyimbo tatu zilizokwisha kuwapo, yaani "Dixie", "Battle Hymn of the Republic" na "All My Trials", kisha akautumia kufungulia albamu yake ya mwaka 1971, *'Frisco Mabel Joy*. Albamu hiyo ilirekodiwa Cinderella Sound, studio ndogo karibu na Nashville iliyokuwa gereji ya nyumba ya mpiga gitaa Wayne Moss.

Swali: Nyimbo hizo tatu zilitoka wapi? Nasikia "Dixie" ina doa.

Doa lipo, na halifutiki kirahisi. "Dixie" ilisikika kwanza New York mwaka 1859 katika maonyesho ambamo Wazungu walijipaka masizi usoni ili kuwadhihaki watu weusi. Mtunzi anayetajwa ni Daniel Decatur Emmett wa Ohio, ingawa wapo wanaodai kwamba aliupata kwa akina Snowden, familia ya wanamuziki weusi wa jimbo hilo hilo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka mwaka 1861, majimbo ya Kusini yaliyotetea utumwa yaliufanya kama wimbo wao wa taifa.

Upande wa Kaskazini, mshairi Julia Ward Howe aliamka alfajiri moja ya Novemba 1861 katika hoteli mjini Washington, akaandika beti za "Battle Hymn of the Republic" kabla hakujapambazuka, akizilinganisha na lahani ya "John Brown's Body" iliyokuwa ikiimbwa na askari. Ndiyo lahani ile ile ya "Solidarity Forever" ya vyama vya wafanyakazi. "All My Trials" ni wimbo wa kubembelezea mtoto, unaohusishwa na Bahamas, ambamo mzazi anayekufa anamwambia mwanawe asilie.

Swali: Inawezekanaje nyimbo za mahasimu wawili zikae pamoja bila kugombana?

Siri, kwa maoni yangu, ni mwendo. "Dixie" ya awali ni ngoma ya kuchezea, ya haraka na ya kelele, lakini Newbury aliipunguza kasi hadi ikawa kama wimbo wa msibani, na kwa kufanya hivyo akaiondolea ushindi wote. Anayeuita mchanganyiko huu wimbo wa kupeperushia bendera hajausikiliza hadi sehemu ya tatu, kwa kuwa baada ya Kusini na Kaskazini kusema yao, anayebaki akizungumza ni mtu anayeteseka.

Swali: Rekodi ipi ilifanya vizuri zaidi?

Nchini Marekani ni ya Newbury, iliyofika nafasi ya 26 katika chati ya Billboard, ilhali ya Elvis, iliyorekodiwa jukwaani Las Vegas mnamo Februari 1972, iliishia ya 66. Uingereza ilimpa Elvis nafasi ya 8. Hata hivyo, onyesho la Honolulu la Januari 1973, lililorushwa kwa setilaiti, lilimfanya asikilizaye leo amkumbuke Elvis peke yake. Kwake, baada ya wimbo wa mtoto, filimbi hubaki ikilia karibu peke yake, kisha ngoma na tarumbeta huingia polepole na kukirudisha kile kiitikio cha "Battle Hymn", "Glory, glory, hallelujah", kwa nguvu zote.