Loukoumades zangu zinatoka kama kaimati, nakosea wapi?

SWALI: Assalam aleikum chef. Mimi ni wa Mombasa ila naishi Athens, Kypseli, mwaka wa sita sasa. Wanangu wanapenda sana loukoumades, zile tonge za Kigiriki za kukaanga na kumwagiwa asali tunazokula tukishuka mtaa wa Aiolou. Nikipika nyumbani natumia mkono ule ule wa kaimati za mama, zinatoka mviringo mzuri tu lakini ndani zimejaa kama mkate, na nikimwaga asali dakika tano zimeshalainika zote. Nikaongeza maji kwenye unga, zikaota mikia na kunyonya mafuta. Nisaidie.

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Umeeleza vizuri sana, na jibu umeligusa mwenyewe uliposema unatumia mkono wa kaimati. Hivi vitu ni ndugu kabisa, jina la Kigiriki limetoka kwa lokma ya Waturuki, nayo ni luqma ya Kiarabu, yani tonge, na Baghdad walikuwa wanazipika tangu karne ya 13 wakiziita tonge za kadhi, ndo hizo hizo Waomani wanaita luqaimat na sisi tukasema kaimati. Lakini kaimati inataka mwili ndani kwa sababu inaenda kuzungushwa kwenye shira na inaweza kuliwa hata kesho asubuhi na chai. Loukoumades ni ganda jembamba na hewa katikati, inaliwa pale pale jikoni moto moto.

Hiyo hewa inaletwa na maji. Unga ukiwa mwepesi ukagusa mafuta ya moto, nje inashika haraka na maji ya ndani yanageuka mvuke, mvuke unasukuma ganda kutoka ndani na kuacha uwazi. Unga mzito wa kaimati hausukumiki hivo. Kwa hiyo chukua unga nusu kilo, maji ya vuguvugu mililita 450, hamira kavu pakiti moja ya gramu 8 hivi, chumvi kijiko cha chai, sukari kijiko kikubwa. Mimi huwa natoa vijiko vitatu vikubwa vya unga naweka konifulawa badala yake, ganda linakuwa kavu zaidi. Tui, mtindi, mayai, yote achia kaimati, yanalainisha ganda. Na tafadhali angalia pakiti ya unga, huko Ugiriki ukiona imeandikwa farina ujue mara nyingi ni ule wenye baking powda tayari, sio huo, tafuta wa matumizi yote.

Sasa mikia. Uliongeza maji ukaishia hapo, na unga mwepesi usiopigwa hauna nguvu ya kujishika, ukiudondosha unatawanyika. Piga kwa mkono dakika saba hivi, upige kweli, uuinue na kuubamiza kwenye bakuli mpaka unavutika kama bamia na unaanza kuachia kingo. Funika. Wakati wa joto saa moja inatosha, hata pungufu, ila Januari nyumba za Athens zina baridi unaweza kungoja saa mbili. Ukiona juu pamejaa vipovu anza kukaanga na USIKOROGE tena, hivyo vipovu ndo mtaji wako. Ukichelewa sana unga unanuka kama pombe, hamira imeshakula sukari yote na hata ukikaanga zinabaki nyeupe nyeupe na ladha ya uchachu.

Kuchota nako kuna mkono wake. Mkono mmoja upake mafuta, chota unga, funga ngumi taratibu mpaka utoke juu kati ya kidole gumba na cha shahada kama yai la njiwa, halafu ukate na kijiko ulichochovya kwenye mafuta, chovya kila mara, na ushuke karibu kabisa na karai ndo uachie. Ukiachia toka juu unavuta uzi na uzi ndo mkia.

Mafuta ya alizeti yanafaa, yawe kina cha sentimita 6 au 7, nyuzi 175. Kama huna kipimajoto dondosha tone la unga, lizame kidogo na kupanda sekunde mbili tatu huku linachemka pembeni. Usijaze karai! Watu wengi wanakosea hapa, wanatia ishirini kwa mpigo, mafuta yanapoa, ile sauti ya kuchemka inafifia, na ukisikia imefifia ujue zimeanza kuyanyonya. Tia nane au kumi, zichezeshe na kijiko cha matundu, dakika tatu nne zimeiva.

Asali sasa. Kwanza usizirundike kwenye bakuli zikitoka, mvuke wa za chini unalainisha za juu, zitandaze kwenye waya. Asali ya thaimu, ile thymarisio, ipashe moto mdogo na maji vijiko viwili vitatu na kijiti cha mdalasini, isichemke maana harufu yote inapotea. Imwagie kwenye sahani ya mtu anayekula sasa hivi, juu nyunyiza mdalasini, na ufuta au walnati ukipenda. Ukiwa na wageni wanaochelewa, kaanga mpaka ziwe na rangi ya njano tu utoe, wakifika zirudishe kwenye mafuta ya moto zaidi dakika moja. Asali baada ya hapo.

Na tarehe 30 Novemba, siku ya Mtakatifu Andrea, majirani zako wengine watapika loukoumades, wanamwita Trypotiganas kwa sababu wazee wao walisema asiyekaanga siku hiyo kikaango chake kitatoboka. Kama kuna bibi kwenye jengo lenu anayepika, omba usimame pembeni yake uangalie ile ngumi inavyofunga. Mimi nilieleweshwa kwa maneno wiki nzima sikuweza, nikaja kuiona kwa bibi mmoja Piraeus, siku hiyo hiyo nikaipata.