PES 2013 inagoma na 0xc000007b baada ya kuongeza faili la DLL

SWALI: Habari fundi. Nimenakili folda ya gemu ya mpira PES 2013 kutoka kwenye flashi ya rafiki yangu, nikaiweka kwenye laptopu yangu ya Windows 10, biti 64. Nikiifungua ikawa inasema d3dx9_43.dll haipo, yaani faili la DLL, lile la msimbo ambalo programu hulitumia ikifanya kazi. Nikapakua faili hilo mtandaoni nikaliweka System32, hali ikabaki ileile. Nikaliweka ndani ya folda ya gemu, sasa inaleta kosa 0xc000007b. Jamaa wa mtaani ananiambia nipige Windows upya. Halafu dxdiag, ile ya Windows ya kukagua DirectX (programu za Microsoft za kuonyesha picha na sauti za gemu), inaonyesha nina DirectX 12, sasa gemu inataka nini tena?

JIBU: Nzuri, ndugu. Windows usiiguse. Ukiipiga upya utarudi kwenye ujumbe wako wa kwanza, kwa sababu d3dx9_43.dll haiji na Windows 10. Ndiyo maana hata sfc /scannow, amri ya kurekebisha mafaili ya Windows yenyewe ambayo kila mtu hushauri, haitakusaidia hapa.

DirectX 12 unayo kweli. Ila gemu za miaka ile zilitegemea pia maktaba za ziada ziitwazo D3DX9 (d3dx9_43.dll ni mojawapo), ambazo watengenezaji walizifungasha pamoja na gemu, na kisakinishi ndicho kilichoziweka kwenye kompyuta. Wewe umenakili folda tu, kisakinishi hakijapita kwako.

Kosa la pili ndilo linaloeleza mengi. Mara nyingi 0xc000007b hutokea programu ya biti 32 inapokutana na DLL ya biti 64, au kinyume chake. PES 2013 ni ya biti 32, kwa hiyo karibu nina hakika ulichopakua ni cha biti 64. Angalia mtiririko wake: kwenye Windows ya biti 64, mafaili ya biti 64 hukaa System32, na ya biti 32 hukaa SysWOW64. (Ndiyo, majina yamekaa kinyume, na yamewapoteza wengi.) Gemu yako ikitafuta kitu System32, Windows huipeleka SysWOW64 kimyakimya. Kwa hiyo ulipoliweka System32 haikuliona kabisa. Ulipolihamishia kwenye folda ya gemu ikaliona, maana huko ndiko inakoanza kutafuta, na likaikwamisha.

Kwa hiyo anza kwa kufuta, kabla hujasakinisha chochote. Ondoa d3dx9_43.dll kwenye folda ya gemu, na ile uliyoiweka System32. Hatua hii ndiyo watu huiruka: wanasakinisha kila kitu sawasawa, lakini faili bovu bado limekaa kwenye folda ya gemu na linaendelea kusomwa la kwanza. Kisha pitisha Microsoft Defender, ukaguzi kamili. DLL ni programu inayoendeshwa, na tovuti zinazogawa DLL mojamoja huwezi kujua zimetia nini ndani.

Baada ya hapo nenda tovuti ya Microsoft, tafuta DirectX End-User Runtimes ya Juni 2010. Kifurushi kizima ni kama MB 95. Ukikifungua kitakuuliza kimwage mafaili wapi. Kitengenezee folda tupu, la sivyo yatatapakaa kila mahali. Ndani yake endesha DXSETUP.exe. Chenyewe kitaweka za biti 32 na za biti 64, kila moja mahali pake, na DirectX 12 yako haitaguswa. Kama bando linakubana, kipakue penye Wi-Fi ukitie kwenye flashi, kwa kuwa hakihitaji intaneti wakati wa kusakinisha.

Washa kompyuta upya, ujaribu. Ikilalamikia sasa faili linaloanza na MSVCP au MSVCR, hiyo ni Visual C++, maktaba nyingine ambazo gemu huzitegemea, nayo pia ichukue Microsoft. Namba ya jina ndiyo inayokuambia toleo: 100 ni la 2010, 110 la 2012, 120 la 2013, na 140 ni la 2015 na kuendelea. Chagua x86, yaani ya biti 32, hata kama Windows yako ni ya biti 64, kwani kinachohesabika hapa ni gemu.

Kosa likibaki 0xc000007b hata baada ya yote haya, fungua folda ya gemu uangalie kama kuna DLL nyingine uliyoiongeza kwa mkono siku hiyo. Kama ipo, itoe.