Kuhamia GIS ukubwani: yaliyonikuta mimi Rungwe

Mkuu uliyeko Mafinga, umeuliza kama diploma yako ya misitu uitupe ukaanze upya na GIS (kuchora na kuchambua ramani kwa kompyuta), na kama miaka 33 umeshachelewa. Mimi nilikuwa bwana shamba mpaka nilipofikisha 35. Usitupe kitu.

Nilianza na laptopu ya mtumba niliyonunua Mwanjelwa, na QGIS, programu ya kuchorea ramani, maana ni ya bure. Miezi ya mwanzo nilichora shamba la baba mkwe tu, usiku, watoto wakishalala (na umeme ukiwepo).

Kazi ya kwanza ya kulipwa ilikuwa kupima mashamba ya kahawa ya AMCOS moja (chama cha ushirika cha wakulima). Siku tisa nazunguka na GPS kwenye matope. Nikaweka mashamba juu ya ramani ya zamani ya kijiji, nikakuta nusu ya wanachama wanalima ng'ambo ya mto! Nikailaumu GPS, nikarudi shambani siku mbili zaidi, nauli yangu. Kumbe ramani ilichorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kuonyesha mahali kwenye ramani, GPS inasoma mfumo mwingine, WGS 84, na kwetu huku mifumo hiyo inapishana kama mita 300. QGIS ilitaka kuambiwa tu namba ya mfumo wa kila moja: ramani ni 21036, GPS ni 32736. Namba hizo ni za kanda ya 36 kusini, maana dunia imegawanywa kanda za ramani, na Mbeya na Mafinga zote zimo humo. Ukishuka Ifakara umeshaingia kanda ya 37, namba ni nyingine. Bandika hizo namba ukutani.

Sasa diploma yako. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka kahawa na mbao zijulikane zimetoka kipande gani cha ardhi, na kwamba hapo hakuna msitu uliofyekwa baada ya mwaka 2020. Kwenye picha za bure za setilaiti za Sentinel-2, kila kimraba ni mita 10 kwa 10. Kahawa iliyo chini ya migomba inaonekana kama msitu kabisa. Aliyesomea kompyuta peke yake anapigwa chenga hapo. Wewe unajua paina waliokomaa wakivunwa kwenye shamba la miti la Sao Hill si sawa na msitu wa asili kufyekwa. Hicho ndicho cha kuuza.

Hela? Mwaka wa kwanza nilipata pungufu ya mshahara wangu wa zamani, na masika kazi hukauka. Kwa hiyo usiache kazi leo, na kozi za GIS za milioni usizilipie bado. Chora kwanza shamba la miti la mzee wako, weka picha humu tulikague.