Je, Uingereza ya Mwaka 1297 Ilikuwa na Mahindi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na wenzangu watatu wa hapa Nkuhungu tunatengeneza modi ya gemu la vita la kompyuta, yaani nyongeza ambayo wachezaji wenyewe huipachika katika gemu lililokwisha kuuzwa ili kubadili ramani, askari na majengo yake. Modi yetu inahusu Uingereza ya mwaka 1297, wakati William Wallace, kiongozi wa Waskoti, alipopigana na jeshi la Mfalme Edward wa Kwanza, na maandishi yake yote tunayaweka kwa Kiswahili. Sasa tunabishana kila jioni. Mwenzetu anayechora askari amewavalisha Waskoti sketi za miraba na kuwapaka rangi ya buluu usoni, kwa hoja kwamba bila hivyo mchezaji hatawatambua. Mimi ninasema tunapotosha historia. Nimeambatanisha picha tatu pamoja na ramani. Tafadhali tuamulieni.
Mwanafunzi, Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Ndugu mwanafunzi, katika ubishi huo haki iko upande wako, ingawa baada ya kuzitazama picha zako naona kwamba sketi si kosa kubwa kuliko yote mliyoyafanya. Vazi la kitambaa kirefu kilichokunjwa na kufungwa kwa mkanda kiunoni huanza kuonekana katika kumbukumbu za nyanda za juu za Uskoti mwishoni mwa karne ya 16, na sketi fupi tunayoijua leo ni ya karne ya 18. Rangi ya buluu imekosea kwa upande wa pili, kwa kuwa aliyeandika kwamba watu wa kisiwa hicho walijipaka ni Julius Caesar, ambaye alivuka kwenda huko mwaka 55 na tena mwaka 54 kabla ya Kristo, zaidi ya miaka 1,300 kabla ya Wallace. Askari wenu, basi, amevaa nguo za watu ambao hawajazaliwa na uso wa watu waliokwisha kuoza. Mvisheni kanzu fupi ya sufu na kumpa mkuki mrefu, na wale wenye mali waongezewe deraya iliyofumwa kwa pete ndogo ndogo za chuma. Deraya ya mabamba ya kufunika mwili mzima haikuenea mpaka karne ya 15, kwa hiyo ifuteni kabisa.

Kosa kubwa limo katika ramani, ambapo neno UINGEREZA limetandazwa juu ya kisiwa kizima kutoka kusini hadi kaskazini. Hapo lugha yetu imewatega. Neno hilo, lililotufikia kupitia Wareno, tunalitumia leo kwa sehemu ya kusini ya kisiwa na pia kwa dola yote inayotawaliwa kutoka London, na katika mazungumzo ya kawaida hakuna anayedhurika. Katika mwaka 1297, hata hivyo, Uskoti ulikuwa ufalme wenye historia yake, na Edward, mfalme wa England, yaani sehemu ile ya kusini, alikuwa amemwondoa mfalme wa Uskoti, John Balliol, mwaka mmoja tu uliotangulia. Wales nayo ilikuwa imetekwa baada ya mtawala wake, Llywelyn ap Gruffudd, kuuawa Desemba 1282. Mataji ya England na Uskoti yaliwekwa juu ya kichwa kimoja mwaka 1603, na falme zenyewe zikaungana mwaka 1707. Ramani yenu inamfanya Wallace aonekane mtu anayeiasi nchi yake mwenyewe, ilhali jambo lililopiganiwa lilikuwa hilohilo, kama pale ni nchi moja au mbili. Kijana anayeishi katika makao makuu ya nchi iliyozaliwa kwa muungano wa mwaka 1964 hana udhuru wa kulipita jambo hili. Andikeni England kusini, Wales magharibi na Uskoti kaskazini, na neno Uingereza lisionekane popote.

Katika picha ya pili Edward amekaa juu ya farasi mweupe, taji kichwani, mbele ya daraja la Stirling. Mwondoeni. Tarehe 11 Septemba 1297, siku ya vita vya daraja hilo la Uskoti, mfalme huyo alikuwa Flanders, ng'ambo ya bahari, na jeshi lake liliongozwa na John de Warenne. Alikuja mwenyewe mwaka uliofuata, akamshinda Wallace huko Falkirk. Daraja lenyewe mmelijenga kwa mawe, na kwa kukadiria kwa macho farasi kumi wanaweza kulivuka sambamba. Lile la kweli lilikuwa la mbao, jembamba kiasi kwamba wapanda farasi wawili tu waliweza kwenda bega kwa bega. Wallace na Andrew Moray, kiongozi mwenzake, walisubiri mpaka sehemu ya jeshi ilipokwisha kuvuka mto Forth, kisha wakaukamata mwisho wa daraja, na waliobaki ng'ambo wakawa watazamaji wa mauaji ya wenzao. Daraja likiwa pana, jeshi kubwa litapita lote na ujanja huo hautakuwa na maana yoyote, kwa hiyo anayewaambia kwamba ukweli wa historia huharibu utamu wa gemu, mwonyesheni daraja hili.

Sarafu za dhahabu badilisheni ziwe peni za fedha, maana England ilianza kutoa sarafu za dhahabu kwa uthabiti mwaka 1344. (Dhahabu ya Sofala, wakati huo, ilikuwa ikipita mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa.)

Picha ya tatu, ya kijiji, niliitazama kwa muda mrefu kuliko nyingine. Nyuma ya nyumba kuna shamba la mahindi yaliyochanua vizuri. Mahindi ni mmea wa Amerika, kama vilivyo viazi mviringo, nyanya na maharage yetu ya kila siku, na hakuna kati ya hivyo kilichofika Ulaya kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Hata hapa kwetu Dodoma mahindi ni mgeni aliyewakuta mtama na uwele. Pandeni shayiri, ngano na njegere, na muache kondoo wengi wazurure, kwa sababu sufu ndiyo iliyokuwa mali kuu iliyouzwa nje ya England.

Nyumba zenyewe, kama sikosei, mmezichora kwa kuangalia tembe la Kigogo: fito, udongo uliokandikwa kwa mkono, na paa bapa la udongo. Mkulima wa England ya karne ya 13 naye alisuka fito na kuzikandika udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi. Paa bapa, kwa mvua za kule, lisingemaliza msimu mmoja, kwa hiyo liinueni liwe la mteremko mkali na mliezeke kwa mabua ya ngano. Kuta ziacheni kama zilivyo.