Kwa nini walimficha Mina?

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi na mume wangu tumesoma Dracula, riwaya ya Bram Stoker, yeye akitangulia, mimi nikifuata. Tumebishana hadi tukalala tumenuniana. Mina ndiye aliyekusanya habari zote za yule mnyonya damu, halafu wanaume wakamwambia akalale, wakaendelea bila yeye. Mume wangu anasema walimficha kwa sababu walimpenda. Mimi nasema hawakumwamini. Nani yuko sahihi? Na Profesa Van Helsing, kiongozi wa msako, anayetaka aaminiwe bila kueleza chochote, mbona hakuna anayemlaumu? Msomaji wako, Morogoro.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kuhusu mapenzi, mumeo hajakosea. Wanaume wale watano walikuwa tayari kufa kwa ajili ya Mina, na Quincey Morris alikufa kweli. Lakini mtu anaweza kukupenda kupindukia na bado akaona hustahili kuambiwa jambo linalokuhusu wewe mwenyewe. Hapo mimi niko upande wako.

Nilikuwa katibu muhtasi kwa miaka mingi, kwa hiyo kitabu hiki nakisoma nikitazama mikono ya Mina. Anajua hati mkato, anapiga taipu, anatoa nakala tatu kwa mpigo mmoja. Kumbuka alivyompata Dakta Seward, mmoja wa wale watano. Daktari huyo hakuandika shajara yake, aliisimulia kwenye fonografu, katika mitungi ya nta, na mle ndani mlikuwa na majonzi yake yote juu ya marehemu Lucy, rafiki wa Mina, ambaye daktari alimpenda. Mina alipoomba kuisikiliza, alikataa. Mina hakubishana naye. Alimkabidhi kurasa zake na za mumewe Jonathan, zilizokwisha pigwa taipu, azisome ili amjue. Hata kabla ya kuzisoma, daktari akampa mitungi yake. Naye Mina aliposikia uchungu uliokuwa katika ile sauti, akayahamishia maneno kwenye karatasi ili mtu mwingine asilazimike kuusikia moyo wa mwenziwe kama alivyousikia yeye. Kwangu mimi, hakuna ukurasa katika riwaya nzima unaoonyesha kuaminiana kama huo: kila mmoja alitoa chake kwanza, na aliyepokea akakisitiri.

Sasa njoo tarehe 30 Septemba. Kazi imekamilika, karatasi zimepangwa kwa tarehe, wote wamekaa pamoja katika ile hospitali ya wagonjwa wa akili huko Purfleet. Van Helsing anamwambia Mina kwamba tangu usiku huo asiulize tena, atakuja kuelezwa baadaye. Mina anameza uchungu na kunyamaza, kwa kuhofia kwamba akipinga watamweka kando kabisa. Jonathan naye anaandika kwamba amefurahi jambo hilo limekwisha kuamuliwa.

Angalia kilichofuata, maana ndipo penye jibu la ugomvi wenu. Wanaume wanakwenda kupekua nyumba ya Dracula jirani. Wanarudi, Jonathan anamkuta mkewe amelala, amepauka kuliko kawaida. Anadhani ni wasiwasi, anajilaza kwenye kochi asimsumbue. Mina naye ameota ukungu unaoingia chumbani na macho mekundu, lakini hasemi, asije akawatia hofu. Analia peke yake na kumficha mumewe machozi. Umeona? Wao wanamficha yeye, na yeye sasa anawaficha wao, kila mmoja kwa nia njema, na Dracula anapita katikati yao usiku baada ya usiku. Aliyetambua ni Renfield, yule mgonjwa wa akili, aliyesema Mina amekuwa kama chai iliyoongezwa maji kwenye birika. Madaktari wawili na mume walikuwemo katika jengo lilelile. Hilo linaniuma kila ninapofika hapo.

Van Helsing ana lawama, tena kubwa. Kwa Lucy alijaza chumba maua ya kitunguu saumu bila kumweleza mama mtu yana kazi gani. Kweli, mama alikuwa na ugonjwa wa moyo, na walihofia mshtuko ungemuua. Lakini mama yule naye alikuwa akimficha binti yake kwamba hana muda mrefu wa kuishi. Basi usiku akaingia, akaona hewa nzito, akayaondoa maua na kufungua dirisha kidogo. Alifanya hivyo kwa kumpenda mwanawe. Ninachomhesabia mema Profesa ni kwamba baada ya tarehe 3 Oktoba, Mina alipokwisha kudhuriwa, wote walikata shauri asifichwe tena neno lolote, hata liwe chungu namna gani.

Ila hapa mumeo atakuuliza, nawe ujue la kumjibu: mbona siku mbili baadaye Mina anaachwa tena gizani? Safari hii yeye mwenyewe naye alitaka. Alijua Dracula amepata njia ya kuingia akilini mwake, kwa hiyo tarehe 5 Oktoba alimwapisha Jonathan asimwambie mpango wowote maadamu lile kovu, aliloachiwa na mkate mtakatifu uliomuunguza, lingali kwenye paji lake. Na bado hakujitoa. Alikwisha mwomba Van Helsing amlaze ule usingizi wa kutiwa unaomfanya mtu ajibu maswali, ili wasikie kupitia kwake mahali alipo adui, nao wakasikia maji yakipiga ubavu wa meli. Tarehe 6 Oktoba akawaambia ni lazima wamchukue katika safari ya kumfuata Dracula. Alijua hatari yake kuliko wao, akapima mwenyewe kipi asiambiwe.

Kwa hiyo mpe mumeo kitabu, afungue ukurasa wa tarehe 5 Oktoba alioandika Jonathan. Anasema mara alipoahidi, alihisi mlango umefungwa kati yake na mkewe. Tarehe 30 Septemba, alipoufunga yeye, hakuuona mlango wowote. Muulize kwa nini.