Maswali na Majibu: Maunzi Yaliyozimwa Ndani ya Keneli ya Linux

Swali: Nimerithi faili ya mti wa vifaa (device tree, maelezo ya maunzi ambayo keneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, huyasoma) ya bodi moja yenye prosesa ya ARM, na ndani yake nimekuta nodi (kifungu kinachoeleza kifaa kimoja) ya kihisi joto iliyofungwa kwa alama za maoni, pamoja na maelezo kwamba imeachwa iwe mfano. Je, niifute?

Jibu: Ifute. Kompaila ya mti wa vifaa huruka kila kilichomo ndani ya alama za maoni, kwa hiyo jina la sifa (property, kipengele cha nodi) likibadilishwa katika toleo lijalo, nodi hiyo itabaki na jina la kale bila onyo lolote kutolewa, mpaka siku mgeni atakapoinakili na kupoteza jioni nzima akitafuta hitilafu. Hofu ya kuupoteza msimbo haina msingi, kwani historia ya keneli imetunzwa katika Git, mfumo wa kuhifadhi kila toleo la msimbo, tangu Aprili 2005. Upande wa msimbo wa lugha ya C mambo ni yale yale: checkpatch.pl, programu ya keneli ya kukagua msimbo, hulalamikia vipande vilivyofungwa kwa #if 0, yaani vilivyoamriwa virukwe na kompaila.

Swali: Mbona basi faili za chipu zenyewe zimejaa status = "disabled", yaani alama kwamba kifaa kimezimwa?

Jibu: Kwa sababu hiyo si mifano. Chipu yenye vidhibiti vinne vya I2C (njia ya kuunganisha vihisi na chipu ndogo) inavyo vyote vinne, vitumike visitumike, na faili ya .dtsi, yaani ile ya chipu, ina wajibu wa kueleza silikoni ilivyo. Kinachokosekana ni habari za pini, ambazo vidhibiti kadhaa huzigombania na ambazo mbunifu wa bodi peke yake ndiye ajuaye amezipeleka wapi. Ndiyo maana neno "okay", linalokiwasha kidhibiti, huandikwa katika faili ya .dts ya bodi. Tena nodi iliyozimwa hivi huingia katika faili ya .dtb ambayo kompaila huitoa, na hukaguliwa na amri ya make dtbs_check, ingawa kwa ulegevu kidogo: sifa ya lazima ikikosekana, mkaguzi hunyamaza.

Swali: Bodi yetu ina nafasi ya chipu ya sauti ambayo kiwanda huichomelea kwenye baadhi tu ya bodi. Tufanyeje?

Jibu: Hapa naikubali "disabled". Nafasi ipo, njia zake za umeme zipo, na U-Boot, programu inayoiwasha bodi, ikishaitambua aina ya bodi yaweza kuandika "okay" kabla ya kuukabidhi mti kwa keneli. Hata hivyo, nisingependa hoja hiyo ivutwe mpaka imfae kila kihisi ambacho huenda mteja akakichomeka mwenyewe kwenye pini za upanuzi. Hicho kina mahali pake katika faili ya nyongeza ya .dtso, ambayo mwenye kuihitaji huipachika juu ya mti wa bodi. Mimi hufungua mchoro wa umeme wa bodi, na kisichokuwemo humo sikiingizi.

Swali: Na mwanafunzi atafutaye mfano?

Jibu: Aende kwenye folda ya keneli iitwayo Documentation/devicetree/bindings. Mifano iliyomo katika faili za huko, zilizoandikwa kwa muundo wa YAML, hupitishwa kwenye kompaila na kukaguliwa kwa amri ya make dt_binding_check, kwa hiyo mfano uliochakaa hugunduliwa kabla haujamfikia.