Nembo iliyoharibika kwenye bango

Swali: Mimi ni msanifu wa michoro, ninaanza kazi hapa Lamu. Nilichora kwa Photoshop nembo ya nyumba ya wageni iliyoko Shela, yenye tanga la mashua. Kwenye kadi ilitoka safi, lakini kwenye bango la upana wa mita 3 kingo zilikuwa na meno kama msumeno. Je, ninunue programu iliyo ghali zaidi?

Jibu: Ndugu msomaji, usinunue chochote kwanza. Photoshop, tangu ilipotolewa mwaka 1990, ni programu ya picha za pikseli, yaani vimraba vidogo vya rangi vinavyounda picha, na pikseli haziongezeki kwa sababu bango ni kubwa. Ikiwa nembo yako ina upana wa pikseli 1,000, basi kwenye bango hilo kila pikseli inakuwa mraba wa milimita 3, na hayo ndiyo meno uliyoyaona.

Nembo huchorwa kwa vekta. Humo tanga ni mstari uliopindwa, ambao programu huukokotoa upya kwa kila kipimo, uchapwe kwenye kadi au upakwe kwenye tanga lenyewe. Illustrator na CorelDRAW hufanya kazi hiyo, ila kwa anayeanza napendekeza Inkscape, ambayo ni ya bure. Ichore nembo upya kwa mkono. Amri ya kugeuza picha kuwa vekta huacha vifundo, yaani nukta zinazoshikilia mstari, vingi visivyo na kazi, na nimewahi kukesha nikivifuta kimoja kimoja kwenye mkunjo uliohitaji vitatu tu.

Photoshop usiiache, kwani picha za milango ya nakshi au za ufuo hurekebishwa humo, au katika GIMP, mradi ziwe kubwa vya kutosha: ukurasa wa A4 kwa pikseli 300 kila inchi unataka pikseli 2,480 kwa 3,508. Kijitabu cha kurasa nyingi kipange kwa InDesign au Scribus. Kwa tangazo la kutumwa kwa simu, Canva yatosha.

Angalia rangi pia. Kioo cha kompyuta huchanganya mwanga, mashine ya kuchapa huchanganya wino, na buluu ya bahari inayong'aa kwenye kioo mara nyingi hufifia ikifika kwenye bango. Kwa hiyo omba kipande cha majaribio kabla kazi nzima haijachapwa. Mpelekee mchapaji faili ya PDF yenye vekta, si JPEG ambayo ni ya pikseli, na maandishi uyageuze kuwa michoro, ili kompyuta yake isiweke fonti nyingine mahali pa ile uliyoichagua.